Fitzgerald au Bharara: anayetaka kuwa mwendesha mashtaka Marekani amfuate yupi?

Mpwa wangu anasoma sheria Columbus, Ohio, mwaka wa pili. Akinipigia simu huanza na shikamoo, zikafuata habari za bibi yake, halafu maswali. Safari hii alikuja na moja tu: "Mjomba, wewe ungemfuata nani, Fitzgerald au Bharara?" Darasani kwao wamegawanyika kama watu wa Simba na Yanga. Anataka kuwa mwendesha mashtaka wa serikali kuu ya Marekani, na ameambiwa achague mtu wa kumsoma, kwa sababu njia za kufika huko hazifanani.

Nilimwomba wiki moja. Mimi ni wakili wa hapa Dar es Salaam, sijawahi kusimama mbele ya jaji wa Marekani. Lakini Patrick Fitzgerald na Preet Bharara, waliowahi kuwa waendesha mashtaka wakuu Chicago na New York, nawajua kwa sababu ambayo yeye hakuifikiria mara moja: kesi ya mabomu ya balozi za Marekani, Nairobi na Dar es Salaam, ilipita mikononi mwa wote wawili. Mmoja aliishika mwaka 2001, mwingine mwaka 2010. Kwetu hiyo ni kesi ya nyumbani hata kama ilisikilizwa Manhattan.

Jibu langu nimelipanua kidogo, kwa kuwa najua yuko kijana Minneapolis au Toronto mwenye swali kama lake.

Kwanza wadhifa wenyewe. Mahakama za serikali kuu ya Marekani zimegawanywa katika wilaya 94, na zina waendesha mashtaka wakuu 93, maana Guam na Visiwa vya Mariana ya Kaskazini wanachangia mmoja. Wakuu hao huteuliwa na rais na kuthibitishwa na Baraza la Seneti. Chini yao wako wasaidizi, mawakili walioajiriwa, na hao ndio wanaosimama mahakamani siku hadi siku. Mtu akikwambia anataka "kuwa kama Bharara," muulize kwanza: kama Bharara msaidizi au kama Bharara mkuu? Ni kazi mbili tofauti kabisa.

| | Fitzgerald | Bharara |
|---|---|---|
| Alikozaliwa | Brooklyn, 1960 | Ferozepur, India, 1968 |
| Shahada ya sheria | Harvard, 1985 | Columbia, 1993 |
| Msaidizi, New York | 1988–2001 | 2000–2005 |
| Mkuu wa ofisi | Chicago, 2001–2012 | New York, 2009–2017 |
| Alivyotoka | Alijiuzulu | Alifukuzwa |

Ukiitazama miaka vizuri utaona kwamba walipishana mlangoni. Bharara aliingia ofisi ya Wilaya ya Kusini ya New York mwaka 2000, na mwaka uliofuata Fitzgerald akaiacha kwenda Chicago. Wote ni watoto wa wahamiaji. Baba yake Fitzgerald alitoka Ireland na alikuwa bawabu wa jengo la ghorofa Manhattan; mtoto naye, wakati wa likizo za chuo, alifanya kazi hiyohiyo ya kufungulia watu milango. Baba yake Bharara alikuwa daktari wa watoto New Jersey. Mpwa wangu, ambaye mama yake huwatunza wazee usiku, aliniuliza mara mbili kuhusu huyo bawabu.

Kesi yetu, mara mbili

Ijumaa ya Agosti 7, 1998 mabomu mawili yalilipuka asubuhi, karibu kwa wakati mmoja. Waliokufa ni 224: watu 213 Nairobi na 11 Dar es Salaam. Wamarekani katika hao walikuwa 12. Wengine walikuwa wapita njia, makarani, abiria wa mabasi, na waliokuwa ndani ya jengo la Ufundi lililoporomoka pembeni mwa ubalozi.

Watu wengi hawajui kwamba Fitzgerald na wenzake walikuwa wameshaanza. Mwezi Juni mwaka huohuo, wiki chache kabla ya milipuko, jopo kuu la mashtaka New York lilikuwa limetoa kwa siri hati ya mashtaka dhidi ya Osama bin Laden. Jopo kuu ni raia kati ya 16 na 23 wanaokaa faragha kuamua kama kuna kesi ya kujibu. Mwaka mmoja nyuma yake, Septemba 1997, jopo la namna hiyo lilikuwa limemhoji Wadih el-Hage, Mmarekani mwenye asili ya Lebanon aliyekuwa akiishi Nairobi na familia yake. Alikula kiapo, akadanganya. Uongo ule ulikaa jaladani ukimsubiri.

Kesi ilianza mwanzoni mwa 2001 mbele ya Jaji Leonard Sand. Washtakiwa walikuwa wanne: el-Hage, Mohamed Odeh, Mohamed al-'Owhali, na Khalfan Khamis Mohamed wa Zanzibar. Shahidi wa kwanza, Jamal al-Fadl wa Sudan, alikuwa amekimbia al-Qaeda baada ya kuiibia fedha, na aliieleza mahakama jinsi kundi lile linavyolipa mishahara na jinsi linavyogombana ndani kwa ndani. Wakenya na Watanzania walisafiri hadi New York kutoa ushahidi. Mei 29, 2001 wote wanne walitiwa hatiani. Siku moja kabla, Mei 28, Mahakama ya Katiba ya Afrika Kusini ilikuwa imeamua kwamba serikali yake ilivunja sheria kwa kumkabidhi Khalfan, aliyekamatwa Cape Town mwaka 1999, bila ahadi kwamba hatanyongwa. Wanajopo, yaani raia wanaoamua kesi mahakamani, hawakukubaliana kumpa adhabu ya kifo yeye wala al-'Owhali. Oktoba 18, 2001, New York ikiwa bado inanuka moshi wa Septemba 11, wote wanne walipewa kifungo cha maisha.

Sasa njoo 2010. Mshtakiwa ni Mzanzibari mwingine, Ahmed Khalfan Ghailani, aliyekamatwa Pakistani mwaka 2004, akashikiliwa na CIA katika magereza ya siri, akapelekwa Guantanamo, gereza la kijeshi la Marekani huko Cuba, 2006, na hatimaye New York mwaka 2009. Alikuwa wa kwanza kutoka Guantanamo kufikishwa mbele ya mahakama ya kiraia. Mkuu wa ofisi sasa ni Bharara, ila waliosimama mbele ya Jaji Lewis Kaplan ni wasaidizi wake. Shahidi wao mkubwa alikuwa Mtanzania aliyedaiwa kumwuzia Ghailani baruti. Jaji akamkataa. Sababu yake inafaa kuandikwa ukutani kwa kila mwanafunzi wa sheria: jina la shahidi huyo lilipatikana kutokana na maneno aliyotolewa Ghailani kwa mateso mikononi mwa CIA.

Jopo likamwachia huru katika mashtaka zaidi ya 280, likamtia hatiani katika moja tu, la njama ya kuharibu majengo na mali za Marekani. Kwa hilo moja alipewa kifungo cha maisha Januari 2011. Wanasiasa walipiga kelele kana kwamba ameachiwa, na sheria ya Bunge la Marekani iliyotiwa saini mwezi uleule ikafunga mlango wa kuleta wafungwa wa Guantanamo katika mahakama za kawaida.

Kumlinganisha Fitzgerald na Bharara kwa hesabu ya mashtaka yaliyothibitishwa katika kesi hizi mbili ni kumwonea Bharara. Fitzgerald alilijenga jalada lake mwenyewe tangu mwanzo, na watuhumiwa wake walihojiwa na makachero wa FBI waliojua kwamba siku moja watasimama kizimbani kueleza walivyohoji. Bharara alirithi mtu aliyekuwa ameshapitishwa gizani miaka miwili na zaidi. Nilimwandikia mpwa wangu hivi: mwendesha mashtaka hupika kwa nyama aliyoletewa, na aliyechinja ni mtu mwingine.

Fitzgerald na watu wa kiapo

Ukizipanga kesi za Fitzgerald kwa mstari, utaona kuna mtu mmoja anayejirudia kwa sura tofauti: aliyeapa kusema kweli, akasema uongo.

El-Hage nimeshamtaja. Desemba 2003 Fitzgerald, akiwa tayari mkuu wa Chicago, aliteuliwa na rafiki yake James Comey, naibu mwanasheria mkuu wa Marekani wakati huo, kuchunguza nani alivujisha jina la ofisa wa CIA, Valerie Plame. Mwisho wake aliyeshtakiwa ni Lewis "Scooter" Libby, mkuu wa wafanyakazi wa Makamu wa Rais Dick Cheney, tena kwa kudanganya wachunguzi na jopo kuu na kuvuruga uchunguzi. Hakushtakiwa kwa kuvujisha. Machi 2007 alitiwa hatiani kwa mashtaka manne kati ya matano, na Fitzgerald mwenyewe, mkuu wa ofisi, alisimama kutoa hoja za mwisho. Wapo wasiomsamehe hadi leo, kwa kuwa aliyempa jina mwandishi wa kwanza kulichapisha alikuwa Richard Armitage wa Wizara ya Mambo ya Nje, na hakushtakiwa. Wapo pia waandishi wa habari wasiomsamehe kwa sababu Judith Miller alikaa jela siku 85 akikataa kumtaja mtoa habari wake. Mimi niko upande wa waandishi katika hilo, ingawa nakiri kwamba mahakama ilikuwa upande wake.

Kisha Jon Burge, kamanda wa polisi Chicago, ambaye chini yake washukiwa, karibu wote weusi, waliteswa miaka ya sabini na themanini. Muda wa kumshtaki kwa mateso yenyewe ulikuwa umepita. Ofisi ya Fitzgerald ikamkuta kwingine: katika kesi ya madai Burge alikuwa ameapa kwa maandishi kwamba hajui lolote kuhusu mateso. Mwaka 2010 alitiwa hatiani kwa uongo huo na kuvuruga haki, akafungwa miaka minne na nusu. Ni kidogo mno ukifikiria waliyotendwa wale watu. Lakini ofisi nyingine zilikuwa na miaka thelathini ya kufanya kitu na hazikumfikisha popote.

Huu ndio ufundi wa Fitzgerald ninaoupenda. Mlango wa mbele ukifungwa, anazunguka nyumba polepole hadi apate dirisha ambalo mwenye nyumba alisahau.

Magavana wawili mfululizo wa Illinois walikwenda jela kwa kazi ya ofisi yake. George Ryan alipewa miaka sita na nusu. Rod Blagojevich, aliyenaswa simuni akitafuta bei ya kiti cha seneta alichokiacha Barack Obama, alipewa 14. Kesi ya kwanza ya Blagojevich iliharibika: Agosti 2010 wanajopo walikubaliana shtaka moja tu kati ya 24. Waendesha mashtaka wakarudi mezani, wakaifupisha kesi, wakaondoa mapambo, na Juni 2011 jopo la pili likamtia hatiani kwa mashtaka 17.

Bharara, simu na fedha

Kesi za Bharara zilikuja na jambo jipya katika uwanja wa zamani. Polisi wa Marekani walikuwa wamezoea kunasa simu za wauza dawa za kulevya na watu wa mafia. Katika kesi ya Raj Rajaratnam wa mfuko wa uwekezaji wa Galleon, aliyekamatwa Oktoba 2009, simu zilizonaswa zilikuwa za watu wenye suti, wakipeana habari za siri za makampuni ili kununua na kuuza hisa kabla ya wengine kujua. Rajaratnam alitiwa hatiani Mei 2011, akapewa miaka 11. Rajat Gupta, aliyewahi kuiongoza kampuni ya ushauri ya McKinsey na kukaa kwenye bodi ya benki ya Goldman Sachs, alifuata kwa miaka miwili. Mwaka 2013 SAC Capital, mfuko mwingine wa uwekezaji, ilikiri makosa, na jumla ya fedha ilizotakiwa kulipa ikafika dola bilioni 1.8.

Kwa vijana wanaopenda hesabu na vitabu vya fedha, huyu ndiye mwalimu. Lawama yake kubwa inatoka hapohapo: mgogoro wa fedha wa 2008 ulianzia mitaa michache kutoka ofisini kwake, na hakuna mkurugenzi mkuu wa benki kubwa ya Wall Street aliyefungwa. Watetezi wake husema kuthibitisha nia ya jinai juu kabisa ya benki ni kazi ngumu mno. Huenda. Lakini ukisifiwa kuwa sherifu wa Wall Street, watu watakuuliza habari za ng'ombe walioibwa.

Tofauti nyingine ni alipopita. Kati ya 2005 na 2009 Bharara aliacha mashtaka akawa mshauri mkuu wa sheria wa Seneta Chuck Schumer. Fitzgerald tangu 1988 hadi 2012 hakutoka hata siku moja: miaka 24 ya jalada juu ya jalada. Aliyeishi Washington anajua nani anapendekeza jina la nani kwa rais, na Bharara alipata New York chini ya Obama kwa mlango huo. Fitzgerald alipata Chicago kwa sababu iliyo kinyume chake: Seneta Peter Fitzgerald (wamefanana jina tu, si ndugu) alitaka mtu wa nje asiye na deni kwa mwanasiasa yeyote wa Illinois.

Na hapa kuna jambo ambalo mpwa wangu lazima alifikirie kabla hajapeleka maombi. Desemba 2013 watu wa Bharara walimshtaki Devyani Khobragade, naibu konseli mkuu wa India New York, kwa kudanganya kwenye maombi ya viza ya mfanyakazi wake wa ndani, aliyedaiwa kumlipa chini ya kiwango kinachotakiwa na sheria. India nzima ilichafuka, na Bharara, mzaliwa wa Punjab, akaitwa msaliti katika magazeti ya kule. Mfanyakazi wa ndani naye alikuwa Mhindi, jambo ambalo wenye hasira walilisahau upesi. Itakuja siku binti wa Kitanzania atawekewa mezani jalada la mtu wa kwao, labda anayefahamiana na mama yake kanisani. Ajiulize mapema atafanyaje. Asingoje siku ile.

Angalia zilivyofutwa

Watu humchagua mwendesha mashtaka wa kumfuata kwa ushindi wake. Mimi nilimshauri mpwa wangu afanye kinyume: azifuate zile kesi baada ya makofi, aone ziliishia wapi, kisha ajiulize kupoteza kwa namna gani anakuweza. Maana wote wawili wamefutiwa kazi kubwa, na waliofuta ni tofauti.

Kazi ya Fitzgerald ilifutwa zaidi na marais. Libby alihukumiwa miezi 30. Julai 2007 Rais Bush akamfutia kifungo kabla hajalala jela, na Aprili 2018 Trump akamsamehe kabisa. Conrad Black, mwenye magazeti, alitiwa hatiani 2007. Mwaka 2010 Mahakama ya Juu ikaipunguza makali sheria iliyotumika kumshtaki, na Trump akamsamehe 2019. Blagojevich alitolewa jela na Trump Februari 2020, akasamehewa kabisa Februari 2025. Miaka ya kunasa simu, kesi mbili, majopo mawili, kisha saini moja.

Ya Bharara ilifutwa zaidi na majaji. Desemba 2014 Mahakama ya Rufani ilibatilisha hatia za mameneja wawili wa fedha, Newman na Chiasson, ikisema waendesha mashtaka wameinyoosha mno sheria ya habari za siri, na hatia nyingine kadhaa zikaanguka nazo. Sheldon Silver, spika wa bunge la jimbo la New York kwa miaka 20, na Dean Skelos, kiongozi wa seneti ya jimbo, walitiwa hatiani wakipishana chini ya wiki mbili mwishoni mwa 2015. Mwaka 2016 Mahakama ya Juu ikabana maana ya rushwa katika kesi ya gavana wa Virginia, na mwaka 2017 hukumu zote mbili zikafutwa. Walishtakiwa upya mwaka 2018 na wakafungwa, lakini Bharara hakuwepo tena ofisini. Hata Viktor Bout, muuza silaha Mrusi aliyepewa miaka 25, alirudishwa kwao Desemba 2022 kwa kubadilishana na mchezaji wa mpira wa kikapu Brittney Griner. Hapo ni rais tena.

Kufutiwa na rais kunauma, ila hakukuambii kwamba ulikosea. Kufutiwa na mahakama ya rufani kunakuambia, kwa maandishi, ukurasa kwa ukurasa, jina lako likiwa juu. Kijana mwenye kiburi cha kitaaluma atavumilia la kwanza akiwa amenuna. La pili litamvunja au litamfundisha.

Maikrofoni

Hapa wote wana doa. Siku Blagojevich alipokamatwa, Desemba 2008, Fitzgerald aliwaambia waandishi kwamba mambo yale yangemfanya Lincoln ageuke kaburini. Kwa mtu aliyesifika kwa kufunga mdomo, yalikuwa maneno mengi, na alilaumiwa. Bharara alipenda jukwaa waziwazi. Siku moja baada ya kumkamata Silver mwaka 2015 alikuwa mbele ya hadhira ya chuo cha sheria akiichambua siasa ya Albany, makao makuu ya jimbo la New York, na Jaji Valerie Caproni, ingawa alikataa kuifuta kesi, alimkemea kwa kukaribia mno mpaka. Mimi naona jaji alikuwa mpole. Mshtakiwa ana haki ya kusikia kesi yake mahakamani kwanza.

Lakini sauti hiyohiyo ndiyo iliyompa Bharara maisha ya pili. Machi 2017 serikali ya Trump iliwataka waendesha mashtaka wakuu 46 wajiuzulu. Yeye, aliyekuwa ameambiwa miezi michache nyuma kwamba atabaki, alikataa, akafukuzwa Machi 11. Tangu hapo amefundisha chuoni, ameandika, ana kipindi chake cha sauti mtandaoni, na 2022 alijiunga na kampuni ya mawakili ya WilmerHale.

Fitzgerald naye alinusurika kufukuzwa bila makelele. Mwaka 2005, akiwa anaichunguza Ikulu, ofisa mmoja wa Wizara ya Sheria alimworodhesha miongoni mwa wakuu ambao hawajang'ara. Orodha ilipojulikana mwaka 2007 watu walicheka sana.

Haraka haraka, masharti

Wizara ya Sheria inataka uraia wa Marekani. Mwenye shahada ya Nairobi au Dar aliyeongeza shahada ya uzamili kule anaweza kufanya mtihani wa uwakili wa New York, lakini bila uraia hataajiriwa kama mwendesha mashtaka wa serikali kuu. Ofisi kubwa hupenda mtu aliyefanya kazi kwanza na jaji au kampuni binafsi; Fitzgerald alikaa kampuni binafsi miaka michache, Bharara kama saba. Mshahara ni wa serikali: utaishi, ila wenzako wa darasani waliokwenda makampuni makubwa watakuacha mbali, na mikopo ya masomo haikuonei huruma. Na kuna muda. Fitzgerald alisifika kwa kulala ofisini, na alioa akiwa na miaka 47. Bharara ana watoto watatu. Hilo la mwisho mpwa wangu hakuliuliza, mama yake ndiye aliyeliuliza.

Nilichomjibu

Kama unapenda fedha, hisa, siasa ya miji mikubwa, na huogopi kuonekana, msome Bharara, lakini anza na hukumu ya Newman kabla ya hotuba yake yoyote. Kama unaweza kukaa na jalada moja miaka mitano bila mtu kukupongeza, mfuate Fitzgerald. Ungeniambia nichague mmoja, ningemchagua Fitzgerald, na sababu si magavana wala Libby. Ni kesi ya 2001. Libby yuko huru, Blagojevich yuko huru, Bout yuko kwao. Wale wanne hawajatoka. Hatia zao zilisimama katika rufaa, na hakuna rais aliyewagusa. Jalada lililofunguliwa kabla ya mabomu limedumu kuliko yote aliyoyafungua baadaye akiwa mkubwa.

Kisha nikamwongezea habari ambayo ilimnyamazisha kidogo. Septemba 2025 James Comey, yuleyule aliyemteua Fitzgerald 2003, alishtakiwa Virginia. Aliyesimama kumtetea ni Patrick Fitzgerald, ambaye alikuwa ameshastaafu kampuni yake ya uwakili. Mashtaka yalikuwa ya kudanganya Bunge, yaani kosa la aina ileile aliyowafungia watu maisha yake yote ya kazi. Novemba 24 jaji aliifuta kesi kwa sababu mwendesha mashtaka aliyeileta hakuteuliwa kihalali.

"Kwa hiyo mjomba," aliniambia, "naweza kuanza upande mmoja nikamalizia mwingine?"

Nikamwambia hata ofisi ya hapo Columbus wanafunzi huenda kujifunza wakati wa likizo, aanze na hiyo. Amepeleka maombi. Na kumbukumbu za kesi ya 2001 zipo mtandaoni. Usiku huwa ananitumia ujumbe akifika mahali asipopaelewa. Bado yuko kwa al-Fadl, kwenye habari za mishahara.